Ralanti Inayochechemea

Kwa miaka mingi nimekula kwa masikio. Mafundi wengine hapa Lubumbashi hujisifia mikono yao, wengine hujisifia vifaa vya kupimia vilivyotoka Dubai. Mimi nilijisifia masikio, na watu wa Kenya, si nchi bali komini ya hapa mjini ambako garaji yangu iko, walinisaidia kujisifia. Gari likiletwa sikuuliza lina nini. Nilisema, "Washa," nikageuza uso pembeni, nikasikiliza, kisha nikataja ugonjwa. Mara nyingi nilipatia. Mara nilizokosea sizikumbuki vizuri, na sioni kwa nini nijisumbue kuzikumbuka.

Sikio hilo nilirithi. Baba alitoka kaskazini mwa Katanga akaajiriwa kwenye reli, na kazi yake ilikuwa kutembea kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima hulia kama kengele ya misa. Lenye ufa hulia kama sufuria. Hakuwa mtu wa maneno, lakini nilipokuwa mdogo alikuwa akigonga vikombe viwili vya nyumbani na kuniuliza kipi kina ufa. Sikukosea. Basi nikakua nikiamini kwamba watu wasiosikia ni wavivu tu.

Kilichonipa jina zaidi ni ralanti, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama na mguu hauko kwenye gesi, ile pedali ya mafuta. Ukikanyaga gesi kila injini inajitia ushujaa. Ni kwenye ralanti ndipo inasema ukweli. Watu walitoka Katuba, walitoka Kampemba, wakiniletea magari kwa ajili ya ralanti peke yake, na mimi nilitumia bisibisi moja ndogo, nikizungusha skrubu ya kabureta robo mzunguko huku, nusu robo kule, mpaka hewa na petroli vikapatana. Katika garaji nyingine, fundi akishuku kwamba injini inavuta hewa mahali pasipostahili, huchukua chupa ya maji ya sabuni akamwagia kwenye maungio. Kwangu nilipiga marufuku. Maji ya sabuni ni ya kufulia, nilisema. Injini inayovuta hewa hupiga mluzi, na mluzi huo mimi ningeusikia kutoka barabarani, nikiwa bado naagana na mtu.

Pale tuko wawili. Mwenzangu ni fundi wa umeme, nimemzidi miaka kumi hivi, mtu mpole kupita kiasi. Ananiita Vieux, yaani Mzee. Tuna desturi, na si yetu peke yetu, ni ya karibu garaji zote ninazozijua: mkubwa wa kazi hakosolewi mbele ya mteja. Hata akishika bisibisi kinyume. Utamwambia baadaye mkiwa wawili, kwa kuzungukazunguka, au hutamwambia kabisa. Desturi hiyo niliipenda, kwa kuwa mkubwa wa kazi nilikuwa mimi.

Kiangazi kimoja, si zamani, alikuja mtu wa ofisi ya mgodi, mwenye miaka arobaini hivi na shati jeupe lisilojua vumbi. Alikuwa na gari jeusi la zamani alilolipenda kuliko lile jipya alilopewa kazini. Jumapili baada ya misa, yeye na rafiki zake huenda nje ya mji, kwenye kipande cha barabara kisichotumika tena, wakashindana mbio. Sikumuuliza mke wake anasema nini.

Alikuwa na kifurushi kwapani. Ndani yake, kwenye karatasi yenye mafuta, kulikuwa na arbre à cames iliyotoka Afrika Kusini. Ni mti wa chuma, urefu wake kama mkono, wenye vinundu mwilini. Vinundu hivyo ndivyo vinavyosukuma vali za injini zifunguke na kujifunga. Vya hii vilikuwa vinene kuliko vya kawaida. Kinundu kinene hufungua vali zaidi na kuiacha wazi kwa muda mrefu zaidi, injini ikala hewa nyingi, gari likakimbia. Hiyo ndiyo faida. Hasara ni kwamba injini ya namna hiyo haipendi kusimama. Kwenye ralanti huchechemea: hupiga, husita, hupiga tena.

"Papa, banasema kama haiko mweye, hakuna muntu wa kuiweka muzuri," akaniambia, akisema "mweye" badala ya "wewe" kwa heshima.

"Banasema kweli," nikamjibu.

Mwenzangu akacheka. Na mimi nikacheka.

Kuiweka kulituchukua Alhamisi nzima, na sehemu hiyo ya kazi sina aibu nayo. Nilifungua kifuniko cha juu cha injini, nikaizungusha injini kwa spana mpaka pistoni ya kwanza ikafika juu kabisa, nikatia alama kwenye mnyororo kwa rangi ya kucha ya binti yangu. Nikaufunga mnyororo kwa waya usije ukatumbukia chini. Ukitumbukia, umejiongezea siku mbili na matusi. Nikalegeza bolti kidogo kidogo, nikatoa arbre ya zamani, iliyokuwa imelika kama kisigino cha kandambili. Mpya nikaipaka mafuta mazito, nikailaza mahali pake, nikaikaza kuanzia katikati kwenda pembeni. Kisha nikaizungusha injini kwa mkono mara mbili, polepole, kuhakikisha hakuna vali inayogusa pistoni. Haikugusa. Hilo nililijua kwa kiganja, si kwa sikio, ila wakati huo sikuona tofauti.

Injini itakayokula hewa zaidi inataka na petroli zaidi. Nikashusha kabureta, nikabadilisha jigla, vile vitundu vya shaba vinavyopimia petroli, kisha nikakata karatasi mpya ya kuzibia inayokaa chini ya kabureta. Karatasi hiyo tunaiita joint, na kwetu hatununui. Unalaza karatasi ngumu juu ya chuma, unagonga ukingoni kwa nyundo ndogo, umbo linajikata lenyewe. Hiyo mimi naifanya huku nikipiga soga na wapita njia, na siku ile nilipiga soga nyingi.

Ijumaa asubuhi tukawasha. Arbre mpya haiachwi kwenye ralanti mara ya kwanza. Unashikilia gesi dakika ishirini mfululizo ili vinundu vizoeane na vyuma vinavyosukumwa navyo. Kwa dakika ishirini njia yetu nzima haikuweza kuongea. Wenye pikipiki walisimama kuangalia. Mwenye gari aliziba masikio huku anacheka kwa furaha. Mimi sikuziba. Kelele hazijawahi kunisumbua, na hilo pia nililihesabu kuwa sifa.

Kisha nikaachia gesi, gari likachechemea kama nilivyotarajia. Ralanti ya gari la kawaida tunaiweka kwenye mizunguko mia nane kwa dakika. Hii niliipandisha mpaka elfu moja na mia moja, maana chini ya hapo arbre nene hukosa pumzi. Lakini haikukaa. Ilipanda yenyewe bila kuguswa, ikashuka, ikakohoa, ikazimika. Nikazungusha skrubu. Ikapanda, ikashuka, ikazimika.

"Papa, mais iko nazimika," akasema mwenye gari.

"Iko vile. Iyi haiko moteur ya taxi. Ulitaka arbre ya course, ya mbio, njo ralenti yake iyi."

Aliniamini, kama watu wote walivyokuwa wakiniamini. Aliondoka nalo, na Jumamosi asubuhi alirudi jasho likimtoka, mguu wake haujaacha gesi tangu nyumbani. Lilikuwa limemzimikia mara tatu kwenye taa za barabarani, na dereva wa lori nyuma yake alimtukania mama. Jumapili ilikuwa kesho yake. Akasema kwa adabu yote kwamba pengine kuna kitu kidogo kimesahaulika. Damu ikanipanda. Sikupaza sauti, ila nilimwambia kwamba kama amepata fundi anayejua zaidi, njia iko wazi na gari lake lina matairi. Mwenzangu aliinama juu ya betri ambayo haikuwa na tatizo lolote. Mteja akaacha ufunguo, akasema atapita alasiri.

Niseme wazi nilichokuwa naogopa. Sina diploma ukutani. Sina kifaa kinachochomekwa kwenye injini kikakuambia shida iko wapi. Nikishindwa na ralanti, sijui mimi ni nani pale garajini zaidi ya mzee anayekalia ndoo. Nilizungusha skrubu asubuhi yote ile, nikaondoa plagi nikazirudisha, nikapima upya nafasi za vali moja moja. Zote zilikuwa sawa. Nikaanza kuilaumu Afrika Kusini.

Ng'ambo ya njia kuna mama anayeuza chakula: bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wakavu wanaotoka Pweto. Injini hazimhusu, na desturi yetu ya garaji haimhusu pia. Karibu saa sita mchana akavuka njia, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko.

"Papa, mutanisamehe. Ile filimbi ya iyi voiture, mutaizima saa ngapi? Depuis jana inanitoboa mu kichwa."

"Filimbi gani?"

"Si iyi." Akainua kidole kuelekea kwenye injini iliyokuwa inanguruma mbele yangu. "Fiiii. Hamuisikie?"

Nilimwangalia nione kama ananitania. Kenya watu wanataniana sana, na mimi mwenyewe nilikuwa nikimtania kuhusu samaki wake. Lakini alikuwa ameacha wateja wanasubiri. Nikamgeukia mwenzangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikamwomba mama aje karibu, anionyeshe hiyo filimbi inatoka wapi. Hakusita hata kidogo. Aliinama, akaelekeza kidole chenye unga chini ya kabureta, upande wa nyuma. Nikaweka sikio pale, karibu na chuma cha moto kiasi cha kuungua. Nikasikia vali. Nikasikia mnyororo, feni, mapigo ya chini yanayochechemea, yote nikayasikia vizuri kabisa. Filimbi sikuisikia. Niligeuza sikio la pili. Na hilo halikuisikia. Niliogopa.

"Niletee maji ya sabuni," nikamwambia mama.

Alileta yale ya kuoshea sahani zake, na majani ya sombe yakielea juu. Nikamwagia pale alipoonyesha. Povu likavutwa ndani kama mtu anayekunywa, na kwa pumzi tatu nne injini ikatulia, mapigo yake yakapangika. Hayo niliyasikia, maana ni sauti nene. Maji yalipokwisha ikarudia kuhangaika.

"Aya, imeanza tena," akasema mama, akarudi kwenye bukari lake.

Nilizima, nikashusha kabureta. Joint niliyoikata mwenyewe ilikuwa imepasuka kwenye tundu la bolti, mpasuko mfupi kama ukucha. Niliigonga mno nikiwa napiga soga. Injini ilikuwa inavuta hewa hapo tangu Ijumaa, na hewa hiyo ilikuwa inapiga mluzi hadharani, mbele ya kila mtu mwenye masikio.

"Ulikuwa unaisikia?" nikamuuliza mwenzangu.

"Nilikuwa naisikia, Vieux."

"Depuis lini?"

"Depuis siku ya kwanza."

"Na haukusema."

"Nilizania arbre ya course inapigaka filimbi. Juu wee njo ulisema iko vile." Akafikiri kidogo. "Na client alikuwa pale. Ningesema nini mbele ya client?"

Nilitaka kumkasirikia, nikakosa pa kuanzia. Alikuwa amesikia kwa masikio yake mwenyewe, mazima, akaamini yangu. Na sheria aliyoifuata, mlinzi wake mkuu nilikuwa mimi. Nilimwambia tu anisaidie kushika karatasi.

Joint ya pili niliikata bila kusema neno. Tulipowasha, alisimama kando yangu akiwa ameinamisha kichwa, nikamuuliza, "Bado?" Akasema, "Imenyamaza." Ndivyo nilivyojua. Nikaiweka ralanti kwenye elfu moja na mia moja, ikakaa hapo. Ilichechemea bado, kama arbre ile inavyotaka, lakini kwa mpango, pigo na pumziko, pigo na pumziko, na haikuzimika nilipowasha taa wala nilipokanyaga breki. Kwa kweli ilikuwa ralanti nzuri. Nisingeona haya kuiwekea sahihi yangu, kama ingekuwa yangu peke yangu.

Mwenye gari alipita alasiri. Ningeweza kumwambia kwamba arbre imeshazoea, angeamini na kunishukuru. Mwenzangu alikuwa tayari kunyamaza. Nilimwona anajiandaa kunyamaza. Lakini mficha uchi hazai.

"Kosa haikuwa ya arbre," nikamwambia. "Iko yangu. Joint ilikuwa inavuta hewa, ikapiga filimbi, na miye sikuisikia."

"Hamukuisikia namna gani, Papa? Mweye?"

"Masikio imechoka."

Alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka, akaacha. Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kama tunavyowashika wafiwa, na hapo ndipo niliumia zaidi kuliko mchana ule wote. Alipoondoka nalo, gari lilisimama kwenye njia panda kusubiri mabasi madogo yapite. Halikuzimika.

Tangu hapo mambo yamepata njia yake. Muuguzi mmoja alinipima, akaniambia kwamba kelele za miaka mingi hula kwanza sauti nyembamba na kuziacha nene, ndiyo maana mtu hujiona mzima. Chupa ya maji ya sabuni inaning'inia kwenye msumari mahali kila mteja anapoiona. Ralanti tunaiweka watu wawili: mwenzangu anasikiliza, mimi nazungusha skrubu, na desturi ya kunyamaza tumeiondoa, ingawa ilimchukua wiki kadhaa kuniambia "Apana" bila kukohoa kwanza. Wateja wengine wamehama. Wengine wanakuja kuona kiziwi anavyotengeneza ralanti. Nyani haoni kundule. Mimi niliyewaita watu wavivu, sasa nawasha gari naulizia.

Lakini Jumamosi ile yenyewe muuguzi alikuwa bado hajanipima, na maneno ya sauti nene na nyembamba sikuwa nayo. Nilikuwa na mluzi tu ambao watu wote waliusikia isipokuwa mimi. Nilifunga mapema, nikarudi nyumbani kwa miguu, jua likali, na njiani nikaanza kujiuliza ni nini kingine chembamba.

Sauti ya mke wangu ni nyembamba. Ujanani aliimba sauti ya juu kabisa katika kwaya ya parokia, na hata akiongea haipungui sana. Kwa muda mrefu, mwaka, labda zaidi, nilipofika nyumbani nilibisha hodi na yeye hakuitika. Mwanzoni nilidhani amechoka. Baadaye nilidhani amenichoka. Sikumuuliza, maana mwanamume wa umri wangu anaona aibu kuuliza jambo kama hilo, na pia nina kiburi, nimeshasema. Nilimlipa kimya kwa kimya. Niliacha kubisha. Nikaanza kula peke yangu sebuleni, sahani magotini, na yeye akala jikoni uani, na watoto walipokuja kututembelea tulikaa pamoja kama watu waliokutana kwenye basi.

Siku ile nilibisha hodi. Sikusikia kitu. Nikapita sebuleni, nikatoka uani, nikamkuta ameinama kwenye mbabula anapepea makaa, mgongo kwangu. Nilimgusa bega akashtuka.

"Nikikuwa nabishaka hodi," nikamuuliza, "ulikuwa unaitikaka?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. Nilikuwa karibu, na niliangalia midomo yake.

"Kila siku," akasema. "Na leo nimeitika. Wee njo unapitaka tu, hauseme kintu. Kisha ukaacha na kubisha. Nilizania umenichoka."

"Itika tena. Geuka kule, uitike kama miye niko ku mulango."

Aliona kwamba sitanii. Akageukia moto. Nikaona mabega yake yakipanda kwa pumzi, yakashuka. Nikasikia kifuniko cha sufuria kikitetemeka, nikasikia lori barabarani, mbali, likibadilisha gia. Nikaendelea kusubiri mpaka alipogeuka na nikajua kwamba alikuwa ameshamaliza.

"Sikusikia," nikamwambia.

Aliweka kipepeo chini. Makaa yakaanza kufifia na hakuna aliyeyashughulikia, na mimi nikasimama pale nikifikiria jioni zote nilizokula peke yangu sebuleni, nikimchukia mtu aliyekuwa anaitika.